Wimbo Uliobaki Ngoma Tupu

Haya, kama wiki iliyopita ulikuwa shambani na gazeti likakupita, sogea hapa. Tulimwacha Faudhia kwenye chumba chake cha studio, Manundu, Korogwe mjini, simu sikioni, na mama yake mzazi anapiga kelele kutoka kijiji cha Misima, njia ya Handeni: "Ule wimbo wa bibi yako usiuguse, Faudhia! Usiuguse kabisa! Humo ndani bibi katutajia shamba!"

Na Faudhia, masikini ya Mungu, alikuwa ameshaugusa zamani.

"Faudhia? Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Jana arobaini ilipokwisha, wageni walivyoondoka tu, baba yako mkubwa kaitisha kikao cha ukoo. Ni leo, baada ya adhuhuri. Anasema bibi hakuniachia kitu. Nitoke kwenye nyumba, nitoke kwenye shamba la michungwa, nirudi kwetu. Kwetu wapi mimi, Faudhia? Baba kafa, mama kafa, mume wangu naye kafa!"

"Mama, tulia kwanza."

"Nitatuliaje? Bibi yako alisema kwa mdomo wake siku ya harusi, mbele za watu, akiimba. Nusu ya ukoo wanasema walisikia, nusu wanasema ngoma ilikuwa kubwa hawakusikia neno. Nimeambiwa huo wimbo uliletwa kwako. Uje nao, uwasikilizishe, yaishe."

"Nakuja, mama," alisema Faudhia, akakata simu. Hakuwa na moyo wa kumwambia.

Akakaa chini sakafuni, katikati ya nyaya, akashika kichwa.

Ilikuwaje? Nisikilizeni. Bibi Fatu, mama wa marehemu baba yake, alikuwa mwimbaji wa selo, ngoma ya Kizigua ya kuimba na kuitikiwa, ambaye harusi ya Kizigua bila yeye watu waliona ni kikao cha shule. Akaimba harusi ya mjukuu wake mwingine pale Misima. Hata mahindi ya harusi hayajaisha ghalani, bibi akalala usiku akiwa mzima, asubuhi hakuamka.

Sasa katika ukoo ule kuna mwiko. Sauti ya marehemu haisikilizwi mpaka arobaini ipite. Anayeisikiliza, wanasema, anamwita arudi. Hata wale vijana wenye kujifanya wa mjini, kwa hilo wanafyata mkia.

Kabla ya arobaini, baba mkubwa Mdoe akafika studio na memori kadi.

"Mwanangu, wimbo wa bibi wa siku ya harusi ni huu. Arobaini ikipita ukoo utakaa, na siku hiyo nataka tufungue kwa ngoma yake. Lakini sauti yake hatutaiweza, akina mama watazimia. Toa sauti, nibakizie ngoma. Na ule wa mwanzo ufute kabisa, watoto wasije wakaucheza kabla ya siku, tukapata balaa."

Faudhia akaona ni busara ya mtu mzima. Akazima spika, akaweka hedifoni mbali, akafanya kazi kwa macho tu, akiangalia mawimbi kwenye kompyuta. Mawimbi yakapungua, yakawa membamba kama uzi. Akasevu juu ya ule ule wa mwanzo, akafuta kilichobaki, kadi akampa mzee. Kompyuta yake ilikuwa imejaa, hakujiwekea hata nakala.

Hakusikiliza hata sekunde moja! Mtu wa studio, kazi yake masikio, akafanya kazi kama kiziwi kwa kuogopa mwiko. Ukitaka kumlaumu, mlaumu, lakini wewe ungethubutu?

Basi alipoinuka pale sakafuni, alikimbia. Alikimbia na kandambili mpaka stendi, kwenye kibanda cha mchumba wake, Sabiri, fundi simu. Mahari ilikuwa imeshapelekwa, pete ipo kidoleni, imebaki ndoa tu. Na Sabiri huyu ndiye aliyeurekodi ule wimbo, kwa kirekodi cha Faudhia mwenyewe, maana siku ya harusi Faudhia alibanwa na kwaya iliyotoka Hale kuja kurekodi.

"Sabiri! Ule wimbo wa bibi, ulibakiza nakala?"

Bisibisi ikamdondoka Sabiri. "Wimbo upi?"

"Bibi ana nyimbo ngapi ulizorekodi wewe? Wa harusini!"

"Sina. Kadi aliichukua mzee Mdoe pale pale. Kwani kuna nini?"

Faudhia akamweleza huku anahema. Sabiri akawa anajifuta jasho, na jua lenyewe lilikuwa bado la asubuhi.

"Hukuusikiliza hata kidogo?" Faudhia akamuuliza.

"Nisikilize saa ngapi? Mara bibi kafa, mara mwiko wenu."

"Haufukuliki? Wewe si unafufua picha za watu zilizofutika?"

"Kilichofutika kinafukuliwa. Kilichoandikwa juu yake, thubutu! Umeusevu juu yake mwenyewe, Faudhia. Maji yakimwagika hayazoleki."

Hapo Faudhia akaangua kilio katikati ya stendi, wapiga debe wakaacha kupiga debe wakamtazama.

"Nimemfukuza mama yangu kwa mkono wangu! Kwa mkono wangu mwenyewe, Sabiri! Atalala wapi?"

"Usiende huko," Sabiri akasema. "Utaenda kusema nini? Mama akitolewa, aje Korogwe, tutakaa naye."

"Mama yangu kazika mume na mkwe kwenye lile shamba. Unataka aje akae kwenye chumba changu cha nyaya? Washa pikipiki."

"Faudhia..."

"Washa, au nadandia lori!"

Sabiri akawasha. Akawasha shingo upande, lakini akawasha. Wakashika barabara ya Handeni, na njia nzima kijana hakutia neno. Faudhia aliona mchumba wake kaguswa na msiba wake, akazidi kumpenda. Akamshika kiuno kwa nguvu na kumlilia mgongoni mpaka shati likalowa.

Walipofika Misima, mama yake Faudhia, jina lake Munira, alikuwa amekaa kizingitini, kajifunga kanga kiunoni, mkeka wake umeshakunjwa pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako nimeipokea, sasa nipe wimbo."

Faudhia akapiga magoti. Yakatoka machozi kwanza.

"Mama, sauti ya bibi haipo. Baba mkubwa aliniambia niitoe, nikaitoa. Sikujua. Wallahi sikujua. Imebaki ngoma tupu, na hiyo ngoma anayo yeye."

Mama Munira hakupiga kelele. Heri angepiga! Alimtazama mtoto wake, akacheka kile kicheko cha mtu aliyefika mwisho wa kamba.

"Basi tumekwisha," alisema. "Miaka yote nimemwogesha mama mkwe, nimemlisha, nimemgeuza kitandani alipougua mgongo. Alilisema neno lake mara moja tu, na mwanangu mwenyewe ndiye aliyelifuta. Inuka. Usilie mbele ya Mdoe, atafurahi."

Kikao kilikaa uani, chini ya turubai la khitma ambalo halijateremshwa. Wanaume mikekani upande huu, wanawake upande ule. Mwenyekiti alikuwa Mzee Afisa, mkubwa wa ukoo, ambaye tangu azaliwe ofisi pekee aliyowahi kuiongoza ni zizi lake la mbuzi. Lakini akikohoa, wote mnanyamaza.

Mdoe akasimama, kanzu inang'aa.

"Wazee wangu, mimi sina ugomvi na shemeji yangu. Ila mkwe ni mgeni. Mume wake, mdogo wangu, katangulia mbele ya haki. Watoto ni wa ukoo, mali ni ya ukoo, mgeni anarudi kwao. Anasema mama alimtaja kwenye wimbo. Haya, autoe huo wimbo!"

"Munira, wimbo upo?" akauliza Mzee Afisa.

Mama Munira akamtazama Faudhia. Faudhia akasimama.

"Haupo, babu. Sauti niliifuta mimi. Aliyeniagiza ni baba mkubwa."

Minong'ono ikapanda. Mdoe akainua mikono juu kama mtu aliyesingiziwa.

"Niliagiza kwa huruma! Niliogopa vilio! Tena msidhani nimeficha kitu, kadi ninayo mfukoni. Arobaini imekwisha, mwiko umekwisha, mimi mwenyewe sijausikia bado, tusikilize wote sasa hivi. Mkisikia mama anataja shamba, nakatwa kichwa!"

Majivuno hayo! Angenyamaza tu, habari yetu ingeishia hapa na Munira angeshabeba mkeka wake. Lakini mtu akishaona kashinda, mdomo haumtoshi.

Kadi ikachomekwa kwenye spika kubwa la kukodi lililokuwa pale uani.

Ngoma ikalia. Watu wakainamisha vichwa. Ikafika pale ambapo Bibi Fatu huingia, na Bibi Fatu hakuingia. Palikuwa na pengo tu, ngoma inamngoja mtu ambaye haji. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Faudhia akaziba uso kwa mtandio, maana aliona kafanya uuaji.

Mdoe akatabasamu. "Mmesikia? Shamba liko wapi humo?"

Hajafunga mdomo, waitikiaji wakaitikia.

Walikuwa hafifu mwanzoni, wanatoka pembeni, kushoto na kulia. Pengo tena. Halafu wakaitikia kwa nguvu, na maneno yakawa wazi kabisa:

"Nyumba na michungwa, ni ya Munira! Mkwe mlezi, ni ya Munira!"

Na juu ya sauti zote ilisikika sauti moja, nene, ya kukwaruza, inayotangulia wenzake. Sauti hiyo Misima nzima inaijua, maana ndiyo inayopita vijijini kutangaza misiba na mikutano. Ilikuwa sauti ya Mdoe.

Loo! Vichwa vyote vikamgeukia Mdoe.

Faudhia alishtuka, akaruka mbele akasahau hata adabu. "Babu! Nimeelewa! Ile programu ya kompyuta niliyotumia haitoi kila sauti. Inachukua sauti ya sikio la kushoto, inaigeuza, inailaza juu ya ile ya sikio la kulia. Kilicho sawa kwenye masikio yote mawili kinakufa. Bibi alisimama katikati, ndiyo maana sauti yake imekufa peke yake. Waitikiaji wa selo si wanasimama safu mbili, huku na huku? Kile chombo hakikuwaweza!"

Mzee Afisa hakuelewa habari ya masikio, lakini habari ya safu mbili aliielewa vizuri sana.

"Mdoe," aliita.

"Naam, mzee."

"Ile sauti ni ya nani?"

"Inafanana... inafanana na yangu, mzee."

Wanawake wakacheka hapo hapo katikati ya machozi.

"Kwetu sisi anayeitikia anafanya nini?"

Mdoe akainama, akaanza kukunja ncha ya kanzu.

"Nakuuliza! Mwimbaji akisema neno, wewe ukalirudia, umefanya nini?"

"Nimekubali," akajibu Mdoe, sauti imeingia tumboni.

"Na asiyekubali?"

"Anafunga mdomo."

"Wewe ulifunga?"

"Nilichukuliwa na ngoma, mzee. Nilikuwa nimeshaitikia ndiyo nikasikia nimeitikia nini."

"Basi," akasema Mzee Afisa, "mama yenu alisema, na mkubwa wa watoto wake akaitikia. Nyumba na shamba ni vya Munira. Asiulize mtu tena."

Vigelegele! Mama Munira alimwangukia Faudhia shingoni, wakalia wote wawili, na sasa kilikuwa kilio cha heri. Faudhia akamtafuta Sabiri kwa macho ili acheke naye. Sabiri alikuwa pembeni ya turubai, uso umempauka, hamtazami mtu.

Kwenye spika, wimbo ulikuwa umekwisha. Ngoma zimenyamaza. Lakini kirekodi siku ile hakikuzimwa.

Sauti ya Mdoe ikasikika tena, karibu kabisa, ubavuni mwa kirekodi, kama anamnong'oneza mtu aliyekishika.

"Umezima?"

"Nimezima, mzee."

Faudhia akaachia shingo ya mama yake. Sauti iliyojibu aliifahamu kuliko sauti yoyote duniani. Ilikuwa ndiyo iliyomwomba amuoe.

Mdoe aliruka kwenda kuchomoa kadi. "Iacheni iende!" akanguruma Mzee Afisa, na vijana wawili wa ukoo wakamkalisha mkekani.

"Kikongwe kaniharibia," spika ikaendelea kwa sauti ya Mdoe. "Kadi nipe mimi. Akifa tu, nampelekea Faudhia atoe sauti. Na hamalizi mwezi huu."

"Sawa, mzee," ikajibu ya Sabiri.

Kisha ikawa mikwaruzo tu, na kimya.

Mama Munira ndiye aliyesema wa kwanza, taratibu, kama anamsemesha mtoto.

"Shemeji, siku ile mama alicheza mpaka jua likazama. Alikuwa mzima kuliko mimi. Ulijuaje kwamba hamalizi mwezi?"

"Mtu wa umri ule kila mtu anajua!" Mdoe akapaza sauti, jasho linamtiririka. Halafu, jamani, yule mzee ni nyoka, kichwa kimekanyagwa lakini mkia bado unapiga. Akageuka, akamnyooshea Mama Munira kidole.

"Tena nanyi mjiulize! Mmekwishaamua kwamba mali ni yake. Vizuri! Sasa nani alikuwa na haraka mama afe? Mimi nisiyepata hata chungwa moja, au huyu anayepata shamba lote? Mama alikufa mikononi mwa nani? Chakula chake cha mwisho alimlisha nani?"

Mabega ya watu yakageuka, taratibu, upande wa Mama Munira. Wale wale waliompigia vigelegele sasa hivi.

"Jibu, Munira," akasema Mzee Afisa, na safari hii hakusema kwa upole.

"Hakula," Mama Munira akajibu. "Usiku ule alisema hana hamu ya ugali. Alikunywa uji tu."

"Uji wa nani?"

"Wa unga wa lishe. Nilimkorogea mimi. Lakini unga..." Akamtazama mwanawe, akasita. "Unga aliuleta Faudhia, kutoka Korogwe."

Ilikuwa kweli. Faudhia aliuleta yeye, alipokwenda kumsalimia bibi baada ya harusi, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Na alikumbuka mahali alipopewa: stendi ya Korogwe, kwenye kibanda cha fundi simu, Sabiri anacheka, anamwambia, "Mpelekee bibi. Mwambie mjukuu mkwe anamsalimia."

"Faudhia," akasema Mzee Afisa. "Na wewe unga ulipewa na nani?"

Akamtazama Sabiri. Aliitazama ile sura aliyoizoea, ya mtu aliyemlilia mgongoni asubuhi ile ile, na alitamani aseme kaununua sokoni. Neno moja tu la uongo, na ndoa yake ingepona. Lakini mama yake alikuwa amesimama pale, macho ya ukoo mzima yanamla.

"Nilipewa na huyo," akasema, na kumnyooshea kidole mchumba wake.

Sabiri hakukimbia. Akasimama katikati ya turubai, akajifuta uso kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama Faudhia machoni.

"Nilitaka nife na siri hii kwa ajili yako," alisema. "Ule unga, Faudhia, mimi nililetewa na mama yako."

Itaendelea wiki ijayo.